Pijo la Baba Chini ya Mwembe

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, Soni na Pangani, na zote zinahusu magari ya zamani na injini zake. Mbili nimezifupisha, kwa kuwa waandishi wake walianza na historia ya ukoo mzima kabla ya kufika kwenye gari.

SWALI: Mzee, shikamoo. Marehemu baba ametuachia Peugeot 504 saluni ya petroli ya mwaka 1979. Imesimama chini ya mwembe nyumbani kwetu Raskazoni tangu alipoanza kuugua, na sasa huu ni mwaka wa tisa. Mafundi wawili wamekuja kuitazama, na wote wameshauri tuing'oe injini yake tuweke 3L, ile ya dizeli ya Toyota Hiace, kwa hoja kwamba spea za Pijo zimekwisha. Mama hataki hata kulisikia jambo hilo. Tufanyeje? (Kijana wa Raskazoni, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Mama yako yuko sahihi, ingawa huenda sababu zake si hizi zangu.

Kabla hujamwita fundi wa tatu, tafuta sumaku ya spika mbovu ya redio, uifunge ndani ya leso ili isikwaruze rangi, kisha uipitishe polepole juu ya bodi: chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu, pembeni mwa kioo cha mbele na kwenye sakafu ya buti. Pale inaponata kuna bati. Pale inapoteleza na kuanguka kuna bodifila, au kuna kutu iliyofunikwa rangi na watu waliotaka pesa ya haraka. Gari lililokaa miaka tisa Raskazoni limekunywa upepo wa chumvi usiku na mchana, na majani ya mwembe yaliyooza kwenye mifereji chini ya kioo cha mbele hushika maji kama sifongo. Mimi nimezika magari mengi ya Tanga, na yaliyo mengi yalikufa yakiwa na injini nzima. Injini hufunguliwa ikawekwa mezani, lakini sakafu iliyoliwa na kutu haina duka inakouzwa.

Ikiwa bodi imepona, sasa tuzungumze injini. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, ikachaguliwa kuwa gari la mwaka la Ulaya kwa mwaka 1969, na iliendelea kuunganishwa Kenya na Nigeria hadi miaka ya 2000. Katika mashindano ya Safari ilishinda mwaka 1975 na mwaka 1978, ikifuata nyayo za kaka yake, 404, ambayo Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, aliishindia mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967. Hayo hayakutokea kwa bahati. Injini yake ni ya silinda nne, kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, iko chini ndani ya bloku na kuendeshwa kwa cheni, na laina, yaani yale mapipa ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazikumiminwa pamoja na bloku bali zimechomekwa na kuzungukwa na maji moja kwa moja. Maana yake ni kwamba silinda ikilika huna haja ya kuchonga bloku. Unatoa laina ya zamani na kuchomeka mpya pamoja na pistoni yake. Hatari yake ni mbili. Mipira inayozuia maji chini ya laina huchoka, na ikichoka oili hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Pili, hedi, yaani kile kichwa cha injini kilicho juu ya bloku, ikishafunguliwa, mtu asizungushe krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kabla laina hazijabanwa, kwa sababu zitanyanyuka na mipira hiyo kuharibika. Mwulize fundi wako jambo hili moja tu. Akikutazama bila jibu, mshukuru na umpe nauli.

Kuiamsha, usianze na betri. Ondoa plagi zote nne, mimina oili kidogo katika kila silinda, kijiko kimoja cha chakula kinatosha, uiache siku mbili. Kisha zungusha krenki kwa spana na mkono wako mwenyewe, ukisikiliza. Ikizunguka bila kukwaruza, mwaga oili yote, mwaga petroli iliyomo kwenye tangi maana imekwisha kuwa utomvu, fungua kabureta na uisafishe, na ubadilishe mipira yote ya breki kabla gari halijatoka getini. Watu hushughulikia injini wiki nzima kisha wakaenda kuligonga lango la jirani.

Kuhusu 3L: ni injini nzuri, siipingi. Lakini Pijo hilo halina propela ya kawaida. Shafti yake hupita ndani ya bomba la chuma lililofungwa kuanzia gia boksi hadi difu, kwa hiyo kubadilisha injini ni kubadilisha pia gia boksi, na kubadilisha gia boksi ni kulikata bomba hilo. Utaishia na gari ambalo hakuna fundi atakayelielewa isipokuwa yule aliyelikata. Tena namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na mabadiliko hayo lazima yapelekwe TRA. Spea za Pijo hazijaisha; zimehama dukani zikaenda kwa watu, na unahitaji subira ya kuulizia.

Jambo la mwisho kwako, na ni la wote: maji. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya chokaa, yale yale yaliyochimbwa na maji yakawa mapango ya Amboni. Tazama ndani ya birika la nyumbani uone ule ukoko mweupe. Ukoko huo huo hujenga ndani ya rejeta na kuzunguka laina ukitia maji ya kisima. Nilipokuwa kijana nilikuwa na Datsun 120Y, nikaipandisha Lushoto kutokea Mombo na rejeta iliyoziba hivyo. Ilipofika Soni ilikuwa inachemka, nami nikachota maji ya baridi ya mtoni nikayamimina humo injini ikiwa bado inawaka moto. Nilisikia mlio mdogo, kama kikombe kinachopasuka kwenye beseni. Ulikuwa ni ufa wa hedi. Tumia kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, na ukikosa, maji ya mvua.

SWALI: Mzee wetu, kwenye baraza letu la kahawa hapa Ngamiani kuna ugomvi wa mwezi mzima. Mmoja anasema hakuna injini duniani kama ya Mercedes-Benz 240D, mwingine anasema 5L ya Hilux, na wa tatu anashikilia kwamba injini yoyote ambayo kemshafti yake huendeshwa kwa cheni haifi, na yenye mkanda ni takataka. Tuamulie. (Wanywaji kahawa, Barabara ya 14)

JIBU: Wa kwanza ana ushahidi, ila asiusimulie nusu. Ni kweli kwamba teksi moja ya Ugiriki, 240D ya mwaka 1976, ilifikisha kilomita milioni 4.6, na Mercedes-Benz wakaichukua mwaka 2004 na kuiweka katika jumba lao la makumbusho Stuttgart. Wanaoisimulia husahau kwamba njiani ilibadilishwa injini mara kadhaa. Mimi naihesabu kuwa sifa ya dereva kwanza, kwa kuwa mtu anayebadilisha injini na kuendelea na bodi ile ile kwa miaka ishirini na zaidi ndiye aliyeelewa somo nililomweleza kijana wa Raskazoni. Hata hivyo dizeli hizo za zamani za Mercedes, ile ya silinda nne ya cc 2,404 na dada yake ya silinda tano ya cc 3,005, zinastahili heshima yake: hazina haraka, chuma chake ni kinene, na umeme zinaouhitaji zikishawaka ni kidogo mno.

5L, yenye cc 2,986 na isiyo na tabo, ni ya ukoo huo huo wa tabia. Ndugu zake wadogo, 2L na 3L, nao ni wema. Aliyeharibu jina la ukoo ni 2L-T, ile yenye tabo, ambayo hedi yake hupasuka dereva akiilazimisha milimani joto likiwa limepanda. Kwa hiyo anayesema «2L ni mbovu» huenda amemsingizia ndugu kwa kosa la ndugu.

Huyo wa tatu wa cheni nampinga moja kwa moja. Cheni hudumu kuliko mkanda, lakini nayo hulegea. Toyota 22R ya cc 2,366, ambayo wengi tunaiapia, katika matoleo yake ya baadaye cheni yake huongozwa na vipande vya plastiki. Vikivunjika, cheni hupiga kifuniko cha mbele hadi ikakitoboa, maji yakaingia kwenye oili, na mwenye gari asijue hadi beringi zimekwisha. Ukiisikia ikichakacha asubuhi upande wa mbele, usiseme ni tapeti. Kwa upande wa mkanda, kuna tofauti ambayo baraza halikuitaja. Mkanda wa 4A-FE, ile ya Corolla na Carina, ukikatika barabarani valvu hazigongani na pistoni: unavuta gari, unafunga mkanda mwingine, unaendelea na safari. Mkanda wa dizeli kama 3L au 5L ukikatika, umekatika na injini. Kwa hiyo swali la kumwuliza muuzaji ni lini mkanda ulibadilishwa mara ya mwisho, na akijibu «bado mzima», hesabu kwamba haukuwahi kubadilishwa.

Mkitaka hukumu yangu ya kahawa, kwa Tanga ya leo nachagua 5L, kwa sababu moja isiyo na fahari: fundi yeyote kuanzia Pongwe hadi Chumbageni ameshaifungua.

SWALI: Nalima kabichi na karoti, na ninashusha mzigo soko la Mgandini mara mbili kwa wiki. Nimeoneshwa Land Rover 109 Series III ya dizeli kwa bei ndogo, na Land Cruiser mkonga yenye 1HZ kwa bei karibu mara tatu. Moyo wangu uko kwenye Land Rover kwa kuwa ndiyo niliyoiona utotoni. (Mkulima, Soni)

JIBU: Ndugu yangu, moyo wako na mfuko wako vinavuta upande mmoja, na hapo ndipo watu hudanganyika. Land Rover tangu ilipotoka mwaka 1948 ilivikwa bati la aluminiamu, kwa kuwa Uingereza baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma, na ndiyo maana ukiitazama kwa nje unaiona imetulia. Chasisi yake lakini ni ya chuma, na pale aluminiamu inapokutana na chuma kukiwa na unyevu wa chumvi, aluminiamu huliwa, na chasisi nayo hushika kutu. Gari la umri huo huenda limekuwa likiliwa hivyo kwa miaka arobaini. Ingia chini na nyundo ndogo, ugonge chasisi kutoka mbele hadi nyuma, hasa pale springi za nyuma zinaposhikilia. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kama kopo la maziwa lililotiwa mchanga.

Injini yake ya cc 2,286 ni rahisi kuipenda, kwa maana unaweza kuitengeneza ukiwa umekaa juu ya madigadi, lakini dizeli yake ina nguvu za farasi 62 hivi, na ukitoka Mombo na mzigo wa kurudi nao, mbolea na saruji, utapanda na gia ya pili huku bodaboda zikikupungia mkono. Jambo moja la kuangalia: hadi mwaka 1980 krenki yake ilishikwa na beringi kuu tatu, na baada ya hapo tano. Yenye beringi tano ni bora kwa mzigo.

1HZ ni silinda sita, cc 4,164, haina tabo, na ina nguvu za farasi kama 130 ambazo haizitoi kwa kelele. Kinachoiua ni mkanda uliosahauliwa; mimi hubadilisha kabla ya kilomita 100,000 bila kubishana na mtu. Jambo la pili ni kuondolewa themostati, yaani kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, kosa ambalo mafundi wetu hulifanya kwa nia njema wakidhani wanaipoza injini, kumbe inafanya kazi ikiwa baridi kule Soni asubuhi, dizeli haiungui yote, na oili inachafuka mapema.

Kwa biashara ya kabichi, kopa ukanunue mkonga. Land Rover utainunua kabichi zikishailipia.

SWALI: Nina uwezo wa kununua moja: Mark II ya GX100 au RAV4 kilitaimu yenye D4. Zote zimetunzwa. Ipi? (Kijana wa Makorora)

JIBU: GX100. Injini yake, 1G-FE, ni silinda sita za mstari, cc 1,988, bloku ya chuma, na petroli hupulizwa kwenye njia ya hewa kabla ya valvu, ambako uchafu kidogo wa mafuta husamehewa. D4 hupuliza petroli ndani ya silinda yenyewe kwa pampu ya shinikizo kubwa, pampu hiyo haipendi petroli ya kwenye dumu, na masizi hujenga nyuma ya valvu kwa kuwa hakuna petroli inayozisafisha. Bloku yake ni ya aluminiamu, na gari likichemka nyuzi za bolti za hedi hung'oka. RAV4 imeinuka zaidi, hilo nakubali, na barabara za mtaani kwenu nazifahamu, nenda polepole.

SWALI: Mume wangu yuko safarini, na ameniagiza niiwashe Corolla yake ya zamani kila Jumamosi kwa dakika tano ili isife. Je, inatosha? (Msomaji, Pangani)

JIBU: Haitoshi, dada, na inadhuru. Kwa dakika tano injini haijapata moto, na mvuke unaotokana na kuungua kwa petroli hubaki ndani ya oili na ndani ya eksozi ukawa maji. Ama uiendeshe nusu saa kwa wiki mbili mara moja, hadi mshale wa joto utulie mahali pake pa kawaida, ama utoe nyaya za betri na uiache ilale. Ukitoka nayo, usiegeshe ukingoni mwa mto kule kivukoni.