Simu yenye pesa isiwe simu ya gemu

Likizo ya Juni mwaka jana mtoto wa dada yangu alikuja kukaa nami hapa Mbeya. Ana miaka 15. Nina duka la steshenari, na mchana alikuwa ananisaidia kutoa kopi na kuhudumia wateja. Jioni nilimwachia simu yangu ya pili acheze gemu. Simu hiyo ndiyo iliyokuwa na laini ya biashara, ile ambayo wateja hunilipia.

Jumamosi moja asubuhi akanijia uso umemshuka. "Mama mdogo, wamenifungia akaunti." Akanionyesha maandishi ya Kiingereza kwenye kioo, kwamba akaunti imefungwa kabisa kwa sababu ya kutumia programu isiyoruhusiwa. Nilimpa pole, nikaenda dukani. Saa nne nikataka kumlipa kijana aliyeniletea rimu za karatasi, salio halikutosha. Jana yake nilikuwa na shilingi 231,000. Sasa zilibaki 4,300.

Kwenye duka la huduma la mtandao wangu walinitolea taarifa ya miamala. Ilikuwepo mitatu, yote saa tisa usiku, ndani ya dakika sita, kwenda namba tatu nisizozifahamu. Meseji za kuthibitisha hazikuwepo kwenye simu. Zilikuwa zimefutwa.

Nilipombana kwa upole akanieleza. Kwenye kundi la WhatsApp la wenzake kulikuwa na kiungo cha gemu iliyochakachuliwa: unaona adui akiwa nyuma ya ukuta, bunduki inalenga yenyewe. Bure. Pamoja na faili kulikuwa na video ya maelekezo, nami niliitazama mpaka mwisho. Kwanza inakwambia uzime ulinzi wa simu, "kwa sababu simu itadhani ni kirusi". Kisha uingie kwenye Mipangilio, utafute sehemu ya Ufikivu, uwashe swichi. Simu ikikuonya, bonyeza ruhusu.

Naomba mzazi na mchezaji asiipite haraka hiyo swichi. Huduma za ufikivu zimewekwa kwenye simu kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kwa mfano asiyeona asomewe kwa sauti kilichoko kwenye kioo, au asiyeweza kutumia vidole programu imbonyezee. Ni jambo jema kabisa. Lakini maana yake ni kwamba programu yoyote uliyoiwashia swichi hiyo inaweza kuona unachokiona na kubonyeza unapobonyeza. Ijumaa jioni nilikuwa nimemtumia fundi wa printa 15,000 kwa simu ile ile. Nilipoandika namba ya siri, yule mgeni alikuwa anasoma. Usiku tukiwa tumelala akaja kubonyeza mwenyewe.

Hasira zilipopoa nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani: nilisoma mkataba wa gemu ile, wote, pamoja na sera ya faragha. Ulinichukua jioni mbili. Nilitaka kujua mtoto alikuwa amekubali nini alipobonyeza "Nakubali", maana akaunti ilikuwa imefungwa na ndani yake mlikuwa na nguo na silaha za gemu alizozinunua kwa pesa ya kudunduliza karibu mwaka mzima.

Hizo nguo hazikuwa zake. Mkataba umeandika wazi kwamba akaunti ni mali ya kampuni, na unachonunua ni ruhusa ya kukitumia kitu kwa muda ambao kampuni itakuruhusu. Ukivunja masharti inafungwa na pesa hairudi. Kununua au kuuza akaunti kumekatazwa kabisa. Hili la mwisho nalisema kwa vijana wanaouziana akaunti kwenye makundi: yule aliyeifungua mwanzo bado ana barua pepe yake ya kwanza, na anaweza kuirudisha kwake kesho. Ukilalamika, kwa mujibu wa mkataba wewe ndiye mvunja sheria.

Kifungu kilichonishtua zaidi ni kile kinachosema programu ya gemu inaweza kukagua kumbukumbu ya kifaa na programu nyingine zinazofanya kazi, ili kutafuta vifaa vya udanganyifu. Nikadhani ni jambo jipya. Si jipya hata kidogo.

Gemu ya World of Warcraft ya kampuni ya Blizzard ilitoka mwaka 2004, nayo ilikuwa na mlinzi wake wa ndani aitwaye Warden. Mwaka 2005 mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Marekani, Greg Hoglund, alimchunguza Warden akaeleza alichokiona: alikuwa anasoma vichwa vya madirisha yote yaliyofunguliwa kwenye kompyuta, hata yasiyohusiana na gemu, na kupekua kumbukumbu za programu nyingine zinazofanya kazi. Kila alichosoma alikigeuza kuwa alama, kama alama ya kidole, akailinganisha na orodha ya alama za programu za udanganyifu. Shirika la EFF, linalotetea haki za watu mtandaoni, liliita jambo hilo upelelezi. Blizzard walijibu kwamba hawakusanyi taarifa za mtu binafsi, wanatafuta wadanganyifu tu. Na kwenye mkataba lilikuwemo, kwa herufi kubwa: gemu inaweza kufuatilia RAM ya kompyuta yako, yaani kumbukumbu inayotumiwa na programu zinazofanya kazi. Mamilioni walikubali. Sidhani kama wengi wao walisoma.

Mimi nikipima, naona pande zote mbili zilikuwa na hoja. Asiyedanganya anaumizwa na mdanganyifu kila siku, na hakuna mlinzi anayeweza kumkamata mwizi bila kuangalia. Lakini kichwa cha dirisha kinaweza kuwa na anwani ya barua pepe au jina la mtu unayeongea naye. Mwenye nyumba anastahili kujua mlinzi anaingia chumba gani.

Na mlinzi naye huweza kugeuka. Mwaka 2013 huko Marekani, programu ya kuzuia udanganyifu ya ESEA, ligi ya gemu za mtandaoni, iligunduliwa ikitumia kompyuta za wachezaji kuchimba bitcoin, yaani sarafu ya kidijitali, kimya kimya. Kesi ya jimbo la New Jersey iliisha kwa makubaliano ya dola milioni 1. Mwaka 2022 ikaonekana kwamba kipande cha programu ya kuzuia udanganyifu cha gemu ya Genshin Impact, kinachokaa kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, kilitumiwa na wahalifu kuzima programu za kupambana na virusi kabla ya kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Mwathirika hakuhitaji hata kuwa na gemu hiyo. Wezi walikibeba kipande kile na kukiingiza wenyewe. Siku hizi baadhi ya walinzi hawa, kama Vanguard wa kampuni ya Riot aliyeanza mwaka 2020, huamka pamoja na kompyuta, kabla hujafungua gemu yoyote. Ndiyo sababu kompyuta ninayofanyia hesabu za duka na kuhifadhi vyeti vya wateja haiwekwi gemu ya mtandaoni, hata kwa dakika kumi, hata aombe nani.

Sasa upande wa pili, wa programu za udanganyifu zenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2005 iligunduliwa kwamba baadhi ya CD za muziki za Sony BMG zilikuwa zinaweka kwenye kompyuta, bila mwenyewe kujua, programu inayoficha faili lolote ambalo jina lake linaanza na alama fulani. Wadanganyifu wa World of Warcraft wakaona mwanya: wakazipa programu zao majina yanayoanza na alama hiyo, Warden asizione. Siku chache baadaye watengeneza virusi wakatumia maficho yaleyale. Niliposoma hapo nilikumbuka ile video ya maelekezo. Programu ya udanganyifu lazima ijifiche na lazima uizimie ulinzi, ndivyo inavyofanya kazi. Ukishamzoeza mtoto kuzima ulinzi kila akiambiwa, mwizi hana kazi tena.

Wapo waliojitetea kwamba wanauza kifaa tu. Michael Donnelly wa Marekani alitengeneza Glider, roboti iliyocheza World of Warcraft badala yako ukiwa umelala, na hadi Septemba 2008 alikuwa ameuza leseni kama 120,000. Blizzard wakampeleka mahakamani. Desemba 2010 mahakama ya rufaa ilisema mchezaji anayetumia roboti amevunja mkataba, ila si lazima awe amevunja hakimiliki. Lakini kuuza chombo cha kumkwepa Warden kulivunja sheria. Kwa mchezaji wa kawaida hilo lina maana moja kubwa: kesi yako na kampuni ni ya mkataba, na mkataba ndio ule ambao hukuusoma.

Basi nifanye nini, utaniuliza. Sikuambii usome kurasa zote kama nilivyofanya mimi. Fungua mkataba, tumia kitafutio, tafuta maneno yanayohusu ukaguzi wa kifaa, umri wa mchezaji, kufungiwa akaunti, na nani wanapewa taarifa zako. Mara nyingi yako kwa Kiingereza. Kaa na mtoto, mtafsiriane. Dakika ishirini zinatosha. Ukikuta kifungu kinachoruhusu kitu ambacho hutaki, uamuzi ni kuacha gemu hiyo au kuiweka kwenye kifaa kisicho na siri.

Leo pia fungua simu ya mwanao, ingia Mipangilio, kisha Ufikivu, uone ni programu gani zimewashwa. Angalia na zinazoruhusiwa kusoma meseji. Gemu haina haja ya kusoma meseji zako. Ukikuta jina usilolijua, au programu isiyo na jina kabisa, usianze kufuta ukiwa umeunganishwa mtandaoni. Zima data, toa laini, ndipo ufute. Ikikataa kufutika, irudishe simu kama ilivyotoka kiwandani, usihurumie picha. Namba ya siri ibadilishe ukiwa na simu nyingine, kamwe si hiyo. Pesa zikishaondoka, piga mtandao wako hapo hapo wazuie, wala usisubiri asubuhi. Nenda polisi na taarifa ya miamala mkononi. Kwa Tanzania, namba ya tapeli iripoti pia kwa meseji kwenda 15040. Mimi nilichelewa saa saba, na pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala.

Tanzania iko pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake. Kenya wana ya kwao tangu 2019. Sheria hiyo inakupa haki ya kuuliza kampuni ina taarifa gani zako. Itumie, hasa kwa watoto. Marekani, Epic Games wenye Fortnite walikubali Desemba 2022 kulipa dola milioni 275 kwa madai ya kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Kijana sikumpiga. Alilia peke yake chumbani, nikamwacha kwanza, jioni tukakaa tukaisoma ile sera pamoja. Alifungua akaunti mpya, anacheza gemu halisi, anapigwa sana na anavumilia. Ile laini ya biashara niliihamishia kwenye kitochi cha shilingi 35,000. Hakina intaneti, hakina gemu, kinakaa kwenye droo ya kaunta, na wateja wananilipia humo mpaka leo.