Mume wangu amehamia kulala kwenye korosho

Shangazi, shikamoo. Niko Tandahimba, nina miaka 38, mume wangu ana 51. Tangu mwaka jana jogoo wake hawiki. Siku moja nilikasirika nikamwambia, "Nenda kalale na watoto." Msimu huu analala barazani, eti analinda magunia ya korosho. Kutwa anakunywa maji, usiku anaamka mara nne kukojoa, na asubuhi pale anapokojolea panajaa sisimizi. Juzi nafua suruali yake nikakuta kikaratasi cha unga wa rangi ya udongo. Nahisi ana mwanamke Masasi, nguvu zote zinaishia huko. Niende kwa mganga au nirudi kwetu? Mama wa Watatu.

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Huyo mwanamke wa Masasi nimemtafuta kwenye barua yako yote sijamwona. Nimewaona sisimizi. Kiu isiyokatika, kukojoa usiku kucha, sisimizi kufuata mkojo: wazee wetu walizijua dalili hizo kabla ya vipimo. Mumeo apimwe kisukari, na apimwe wiki hii, asingoje mnada uishe.

Uume husimama kwa damu. Mishipa hufunguka, damu ikaingia kwa wingi, ikabanwa humo isitoke. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa hiyo pamoja na ile ya fahamu. Presha na sigara hufanya vivyo hivyo. Na kwa kuwa mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, mara nyingi ndiyo inayoanza kuziba. Wanaume wengi huona aibu ya kitandani miaka kadhaa kabla moyo haujasumbua. Ndiyo maana sitaki uipeleke habari hii kwa mganga.

Kuna na hofu. Mwanaume akishindwa leo, kesho anaingia chumbani akijichunguza, na huko kujichunguza kunatosha kummaliza. Kama alfajiri bado anaamka imesimama, mawazo huenda yana sehemu kubwa. Sasa lile neno lako, mwanangu. Sikulaumu, ulikuwa na uchungu, na unyagoni tulifundwa mengi lakini hili hatukufundwa. Ila soma tena barua yako: yeye alitoka chumbani baada ya neno lile. Magunia alikuwa nayo misimu yote na hakuwahi kuyalinda kwa kulala nje.

Ule unga autupe. Hakuna anayejua kilichomo. Dawa za nguvu za kiume za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa kimyakimya na sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, bila kipimo. Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya nitrati akiimeza, presha inaweza kushuka ghafla akafa. Sildenafil yenyewe inatumika tangu 1998 na inawasaidia wengi, lakini daktari aangalie kwanza moyo na dawa nyingine anazokunywa. Na kama ana vidonge vya presha asiviache mwenyewe. Baadhi hupunguza nguvu kweli, na daktari anaweza kumbadilishia.

Usimwambie kitandani, wala mbele ya mashemeji. Mpelekee chai pale barazani, ukae naye mkekani, umwambie: "Baba watoto, neno lile nilikosea, nisamehe. Naona unaamka sana usiku. Twende tukapime sukari, mimi na wewe." Mkipima wawili hatajiona mgonjwa anayeburutwa. Nendeni asubuhi hamjala. Ni tone la damu la kidoleni. Ikisoma 7 au zaidi, watarudia kuhakikisha. Wapime na presha. 140 kwa 90 kwenda juu ina maneno. Na hili la chumbani alitaje mwenyewe kwa daktari. Akishindwa, litaje wewe. Wakiona haja ya hospitali kubwa, watawaandikia Ligula, Mtwara mjini.

Mkishamaliza chai, mshike gunia moja wewe, moja yeye, muingize korosho ndani.