Kicheko Kilichoishia Viti vya Mbele

WASOMAJI WAULIZA: JUKWAA NA MUZIKI

SWALI: Kikundi cha mjini kwetu kilionyesha igizo la muziki la kuchekesha. Bwana harusi anatoka kijijini, mahari imeliwa na mjomba, na nyimbo za bongo fleva tunazozijua zimebadilishwa maneno. Maongezi niliyasikia vizuri, lakini wimbo ukianza, besi inatikisa kifua na maneno yanapotea. Waliokaa mbele walikuwa hoi kwa kicheko, sisi wa nyuma tunacheka kwa kufuata mkumbo. Kosa ni la ukumbi, la mitambo au la waimbaji? Na nitawaambiaje bila kuwavunja moyo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Umelitaja jambo kubwa mwenyewe bila kujua: maongezi uliyasikia. Basi ukumbi usiulaumu sana. Ukumbi wa mabati na sakafu ya saruji ukiwa na mwangwi mbaya, hata maongezi yangekuwa uji. Hapa muziki umeifunika sauti.

Anza na spika. Sauti za besi huzunguka watu na kufika nyuma bila shida. Sauti kali, yaani zile za s, t, k na ch zinazotofautisha neno na neno, huenda karibu moja kwa moja na humezwa na miili na nguo. Spika ikiwekwa chini mbele ya jukwaa, safu tatu za kwanza wanakula herufi zote, wa nyuma wanabaki na ngoma tupu. Inatakiwa ipandishwe hadi mdomo wake uwe juu ya vichwa vya waliokaa, kama mita 2 au zaidi, kisha iinamishwe kidogo kuelekea safu za katikati. Isiwe nyuma ya waimbaji, maana sauti itarudi kwenye maiki na mitambo itapiga mluzi. Fundi naye, akiogopa mluzi, atashusha maiki. Huenda ndicho kilichotokea.

Pili, maiki yenyewe. Mchekeshaji anacheza, mkono unashuka, maiki inafika kifuani. Ya mkononi ikae kama sentimita 5 kutoka mdomoni, na asiyeweza kucheza na kuishika apewe ya kichwani, ibandikwe shavuni vidole viwili kutoka pembe ya mdomo. Ya kubana kwenye nguo ni balaa kwa igizo la harusi: kila khanga ikisugua, ukumbi mzima unasikia kama mtu anakunja karatasi. Betri ziwe mpya kila onyesho, hata kama za jana "bado zipo".

Fundi akipima sauti ukumbi ukiwa mtupu, ajue kwamba watu wakijaa sauti kali zitapungua tena. Kipimo kizuri hakihitaji kifaa. Mkalishe safu ya mwisho mtu ambaye hajawahi kuyasikia maneno mapya, mpe kalamu, aandike kiitikio anavyokisikia. Akikosa zaidi ya maneno mawili katika kumi, shusha biti, usipandishe maiki.

Kuna kosa la tatu ambalo fundi hawezi kulitibu, nalo ni la mtunzi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Melodi ambayo mwanzo ilimalizikia "moyoni", sauti ndefu ikiwa kwenye "yo", itapokea "foleni" bila ugomvi. Lazimisha "daladala" katika sauti zilezile tatu, na mwimbaji ataminya silabi au atavuta isiyostahili. Sikio linabaki linatafuta neno wakati mzaha umeshapita. Mkazo ukihama, hata maana huhama: "barabara" ya magari na "barabara" ya sawasawa zinaandikwa vilevile, lakini ya pili mkazo wake uko kwenye "ra" ya kwanza. Dawa ni kuyasoma maneno mapya kwa sauti bila muziki, huku unapiga kofi kwenye pigo zito. Kofi likiangukia silabi isiyo na mkazo, badilisha neno.

Taarab za mipasho za vikundi vya TOT (Tanzania One Theatre) na Muungano zilikuwa na ujanja ambao vikundi vya sasa vinausahau: mstari mkali ulirudiwa. Mara ya kwanza watu wanauelewa, mara ya pili mtu anainuka na noti yake kwenda kutunza.

Ukiwaandikia, usiseme "hamkusikika". Sema: wimbo wa mahari, ubeti wa pili, nilikaa safu ya 14 upande wa kulia, nilisikia "mjomba" tu. Kwa ujumbe huo fundi ana pa kuanzia.

SWALI: Kila tukicheka, waimbaji wanaanza ubeti unaofuata na hatusikii kitu. Hawatuoni?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Wanawaona, ila biti iliyorekodiwa haiwaoni. Muziki wa mapigo 100 kwa dakika hutumia sekunde 4.8 tu kwa mapumziko ya mapigo 8 kati ya beti, na kicheko cha ukumbi uliojaa hupita hapo kwa urahisi. Bendi ya moja kwa moja huzungusha kipande kilekile hadi mwimbaji atoe ishara. Wasio na bendi waikate biti vipande, fundi abonyeze kinachofuata akiona ishara, mathalani mwimbaji kugeuza bega. Kicheko kisisubiriwe kiishe kabisa. Mwimbaji aingie kinapoanza kushuka. Akingoja kimya, igizo linalala. Na asicheke mwenyewe, tafadhali.

SWALI: Kubadilisha maneno ya wimbo wa msanii maarufu ni ruhusa, kama kiingilio ni kidogo?
Msomaji, Tanga

JIBU: Udogo wa kiingilio si kibali. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na kuigeuza kazi yake kunahitaji ridhaa yake. Mkitumia biti yenyewe iliyorekodiwa, mwenye rekodi naye ana haki yake, tofauti na ya mtunzi. Anzieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki (Zanzibar ni COSOZA), mjue nani wa kuombwa, na ridhaa iwe ya maandishi, ikitaja wimbo, maneno mapya na idadi ya maonyesho. Ombeni kabla ya mazoezi. Mtunzi akikataa wiki ya onyesho, waigizaji watalazimika kumeza maneno mengine kwa siku tatu, na hapo hata safu ya mbele haitacheka.