"Pembetatu" au "pembe tatu"?

SWALI: Niko kidato cha pili. Juzi nilimwambia baba kwamba tumeanza trigonometria, akaniuliza ndiyo hesabu gani hiyo. Nilishindwa kumjibu, maana darasani yote tunaisoma kwa Kiingereza. Naweza kumwambia ni "hesabu za pembetatu"? Na neno hilo ni moja au ni mawili? (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Mwanangu, mwambie hivyo hivyo, hutakuwa umekosea. Trigonometria ni jina la Kigiriki: "trigonon" ni pembetatu, "metron" ni kipimo. Na hiyo "trigonon" nayo ukiipasua unakuta ndani yake "tatu" na "pembe". Wagiriki walilitazama umbo lile wakaliita kwa pembe zake, nasi tukaliita vivyo hivyo. Kwa hiyo baba yako jina la somo analijua nusu tangu utoto wake.

Ama kuhusu kuandika, yote mawili ni sahihi, ila hayasemi kitu kimoja. "Pembetatu" ni jina la umbo, "pembe tatu" ni hesabu ya pembe. Sikiliza kitenzi, ndicho kitakachokuamulia: "pembetatu imechorwa ubaoni" ni umbo moja, "pembe tatu zimechorwa ubaoni" ni pembe zenyewe, na huenda hata hazikugusana. Ukitamka, sikia pia mkazo. Katika "pembetatu" unaangukia "ta" peke yake, katika "pembe tatu" kila neno linabeba wake. Ndiyo maana tunaweza kusema bila kujikanganya: pembe tatu za pembetatu yoyote ile bapa, ukizijumlisha, ni nyuzi 180.

Hizo "nyuzi" nazipenda sana. Ni wingi wa "uzi", uzi huu huu wa kushonea, nasi tunapimia pembe na joto. Pembe ya nyuzi 90 ni pembe mraba. Iliyo chini yake ni pembe kali, iliyoipita bila kufika nyuzi 180 ni pembe butu. Kali na butu ni sifa za kisu, na ukiichora pembe ya nyuzi 20 utaona jinsi ncha yake ilivyochongoka.

Hujauliza kuhusu "sini", "kosini" na "tanjenti", majina ya vipimo vinavyounganisha pembe na pande za pembetatu, lakini najua utakutana nayo wiki hii, na wapo wanaonung'unika kwamba Kiswahili kimeyaazima. Sioni haja ya kuona haya. "Sini" imeazimwa na kila aliyeipokea. Wahindi waliuita mstari wa ndani ya duara, ambamo sini ilianzia, kwa neno la Kisanskriti lenye maana ya upote, ile kamba ya uta. Waarabu wakalichukua kwa sauti yake tu, wakaliandika kwa konsonanti bila irabu. Baadaye likasomwa kama "jaib", neno lao la uwazi wa nguo kifuani. Katika karne ya 12 watafsiri wa Ulaya wakaifuata maana hiyo ya nguo, wakaandika "sinus" kwa Kilatini. Upote ukageuka kuwa mkunjo wa vazi, na hesabu isiharibike hata chembe!

Baba akikuuliza inasaidia nini, usimsomee kanuni. Chukua karatasi ya mraba, ikunje kona kwa kona, umepata pembe ya nyuzi 45. Nenda naye kwenye mnazi uliosimama wima penye uwanja tambarare. Shika karatasi karibu na jicho, upande mmoja mfupi ukiwa umelala sawa na ardhi, kisha rudi nyuma mpaka kilele kionekane kwenye mstari wa mkunjo. Pima umbali kutoka ulipo hadi shinani. Ukiwa mita 12, na jicho lako liko mita 1.5 kutoka chini, mnazi una mita 13.5, wala hamkumwita mkwezi.

Hapo mmetumia tanjenti: upande unaotazamana na pembe, ukiugawanya kwa upande ulio jirani nayo (si ule mrefu unaoikabili pembe mraba). Kwa nyuzi 45 jibu ni 1, ndiyo maana umbali na urefu wa kutoka usawa wa jicho vimelingana. Kwa nyuzi 60 ni takriban 1.73, yaani kila mita 1 ya umbali inakupa mita 1.73 za kwenda juu. Zile mita 5,895 za Kilimanjaro tulizokaririshwa shuleni zilipatikana kwa njia hii hii katika upimaji wa 1952, wapimaji wakisoma pembe kwa vyombo vyao. Mwaka 1999 mlima ulipimwa kwa setilaiti, ikatoka 5,892. Tofauti ni mita 3.