Silinda ya bastola za fataki ilijuaje mahali pa kusimama?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Marehemu babu alikuwa na gobore la fataki, ile kofia ndogo inayolipuka ikigongwa na nyundo. Ukipiga mara moja, unashindilia upya. Juzi nimesoma kwamba bastola za kwanza za silinda nazo zilitumia fataki, kabla ya risasi za ganda. Silinda ilijuaje mahali pa kusimama? Na ni kweli vyumba viwili viliweza kulipuka kwa mpigo?

JIBU: Marahaba. Kazi yangu ni kuhifadhi silaha za kale, na umeuliza penyewe hasa. Kuzungusha silinda kulishajulikana. Elisha Collier alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, Uingereza mwaka 1818 kwa silaha ya gumegume (inayowashwa kwa cheche za jiwe) yenye silinda, ila mpigaji aliizungusha kwa mkono. Tena gumegume inadai baruti ya kuwashia kwenye kisahani kila unapopiga. Fataki iliondoa adha hiyo. Kila chumba kilivalishwa fataki yake nyuma, kikabeba moto wake chenyewe, kama gobore la babu yako mara tano.

Ugumu ukabaki kwenye kusimama. Chumba kikipishana na mtutu kidogo tu, risasi inachubuka ukingoni na moto unaruka pembeni. Mmarekani Samuel Colt, aliyepata hataza Uingereza mwaka 1835 na Marekani tarehe 25 Februari 1836, alilifunga jambo hilo na tendo la kuvuta nyundo. Ukiivuta kwa dole gumba, komeo dogo linachomoka kwenye pengo la silinda. Kidole cha chuma kinasukuma meno yaliyochongwa nyuma yake. Chumba kinachofuata kikifika mbele ya mtutu, komeo linarukia pengo lingine, tak! Silinda haisogei tena mpaka nyundo ivutwe upya. Nikiletewa bastola ya aina hiyo, naanza kukagua kingo za mapengo hayo. Zikiwa zimelika, silinda inacheza, na ukiishika karibu na sikio ukaitikisa unaisikia.

Kuhusu kulipuka kwa mpigo, ni kweli, na mpigaji angeweza kuumia vibaya. Kati ya silinda na mtutu lazima pawe na mwanya, na moto hutokea hapo. Chumba cha jirani kikiwa na risasi isiyobana, moto unaipita na kuikuta baruti. Kinga yake ilikuwa kushindilia risasi iliyozidi chumba kidogo, hata ikatwe pete nyembamba ukingoni. Ukiiona pete hiyo, unajua chumba kimeziba. Wengine walipaka mafuta juu. Fataki iliyolegea nyuma nayo ilishukiwa, na Colt aliweka katika hataza yake ukuta kati ya fataki na fataki.

Usidhani mambo yalinyooka tangu mwanzo. Bastola zake za mwanzo, zilizotengenezwa Paterson, New Jersey, zilikuwa za risasi tano na hazikuwa na wenzo wa kushindilia. Ilibidi uchomoe mtutu ndipo ujaze. Wenzo ulikuja mwaka 1839, na kampuni yake ikafa mwaka 1842. Ile ya mwaka 1847, aliyoibuni pamoja na Kapteni Samuel Walker, ilikuwa ya risasi sita na uzito wa zaidi ya kilo 2. Baruti yake ilikuwa nyingi mno kwa chuma cha wakati ule, na baadhi ya silinda zilipasuka. Mwaka uliofuata silinda ikafupishwa.

Mimi binafsi naona udhaifu wa Colt ulikuwa fremu. Juu ya silinda hapana kitu, na mtutu umeshikiliwa na kabari iliyopenyezwa kwenye mhimili. Kabari ikilegea, ule mwanya unapanuka. Mwingereza Robert Adams, aliyeonyesha bastola yake London mwaka 1851, alifua fremu na mtutu kuwa kipande kimoja. Nyundo yake ilijivuta yenyewe ukibonyeza kifyatulio, lakini kwa kifyatulio kizito hivyo kulenga kulikuwa shida. Frederick Beaumont ndiye aliyekuja kuziunganisha njia zote mbili, kwa hataza ya mwaka 1856: uvute nyundo kwanza ukiwa na nafasi ya kulenga, au ubonyeze moja kwa moja ukiwa na haraka.