Maswali na Majibu: Redio Inapokula Kanda

SWALI: Nimerithi kaseti arobaini na kitu za muziki wa miaka ya 1970 na 1980. Ya kwanza tu niliyoweka, redio ikaila, mkanda ukajisokota ndani. Je, kanda zimechakaa au redio ndiyo mbovu?

JIBU: Mara nyingi ni redio. Tafadhali usiweke humo kaseti nyingine hata moja kabla hujaisafisha.

Mkanda unavutwa na vitu viwili: kijiti chembamba cha chuma kinachozunguka, na kigurudumu cha raba kinachoubana mkanda dhidi yake. Vinauendesha sentimita 4.76 kwa sekunde. Gurudumu la kulia kazi yake ni kuukusanya tu. Belti inayolizungusha ikilegea, gurudumu hilo linasita, lakini kijiti na raba vinaendelea kusukuma. Mkanda unakosa pa kwenda, unalegea na kujizungushia kwenye raba. Raba yenye uchafu unaonata nayo hufanya hivyohivyo hata kama belti ni nzima.

Kuutoa, usivute. Chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko, zungusha kigurudumu cha raba kwa kidole kuelekea nyuma hadi mkanda uachie. Toa kaseti, chomeka penseli ya pembe sita kwenye tundu lake na uurudishe taratibu, ukiangalia usipinduke: upande unaotazama nje, kwenye hedi (kile kipande cha redio kinachosoma sauti), ndio uliobeba sauti. Palipokunjamana panyooshe kwa kidole kikavu juu ya kitambaa laini. Pasi usiiguse, mkanda ni plastiki. Hapo sauti itadidimia kidogo kisha itarudi, na hilo halina dawa.

Ukiwa umekatika, kata ncha zote mbili kwa mshazari, zikutanishe bila kupandana, na ubandike utepe maalumu wa kuungia kanda upande wa ndani. Selotepu ya kawaida gundi yake huvuja na kugandisha tabaka za jirani. Ukipoteza sentimita moja umepoteza muziki wa kama sehemu ya tano ya sekunde, kwa hiyo usiogope kukata palipochanika vibaya.

Sasa redio. Lowesha kijiti cha pamba kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, usugue hedi na kile kijiti cha chuma. Pamba itatoka ya kahawia: ni unga wa kanda zilizopita humo miaka yote. Rudia hadi itoke nyeupe. Raba ipitishie kidogo tu, uikaushe. Ikiwa imekuwa ngumu na inang'aa, badilisha. Kisha jaribu kwa kaseti usiyoijali, macho kwenye gurudumu la kulia. Likizunguka kwa kusitasita, nunua belti mpya. Za zamani wakati mwingine huyeyuka kama lami, na lami hiyo lazima ifutwe yote kwanza.

Kaseti za dakika 120 ziache mwisho kabisa. Mkanda wake una karibu nusu ya unene wa ule wa dakika 60, ndio unaoliwa upesi.

SWALI: Kaseti moja inasikika kwa mbali, kama imefunikwa blanketi. Nyingine zote ni safi.

JIBU: Chungulia katikati ya ukingo ulio wazi. Panapaswa kuwa na kipande kidogo cha sufi juu ya bati la springi, kinachoukandamiza mkanda kwenye hedi. Gundi yake huisha nguvu kikadondoka. Fungua skrubu tano za kaseti usiyoitaka, chomoa bati lake na ulihamishie kwenye hii. Fungua kaseti ikiwa imelala mezani. Ukiiinua, vigurudumu vya pembeni vitamwagika. Kama haina skrubu, pasua kiungo chake polepole kwa wembe, uhamishie mkanda kwenye ganda la skrubu.

SWALI: Nilisafisha kwa spiriti santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Zimefifia na zinakwaruza. Nifanye nini?

JIBU: Inasikitisha, lakini zilizoguswa haziponi. Santuri za namna hiyo, nzito na zinazovunjika kama sahani ya udongo, nyingi zimetengenezwa kwa shelaki, aina ya utomvu mgumu wa asili, na spiriti ni alkoholi, ambayo huyeyusha shelaki. Zilizobaki osha kwa maji yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, yakiwa ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Tumia brashi laini kufuata mifereji, lebo ibaki kavu, suuza, futa mara moja na uzikaushe zikiwa zimesimama.

Angalia na sindano. Ya santuri za mizunguko 33 ni nyembamba mno: inazama hadi chini ya mfereji na kukwangua uchafu. Ya 78 ncha yake ina unene wa kama mara tatu zaidi.