Nexus hawakuuawa na Cena peke yake: jibu refu kutoka mwisho wa reli

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini Nexus, lile kundi la maadui kwenye mieleka ya WWE ya Marekani, walioingia kwa kishindo kile mwaka 2010 walikuwa wamechakaa hata mwaka haujaisha, na kijana wa leo ambaye hakuwaona aanzie wapi kuwatazama. Waliojibu kabla yangu wengi wamesema "Cena aliwamaliza SummerSlam" (yaani John Cena, steringi wa WWE wakati huo, kwenye shoo yao kubwa ya Agosti) wakafunga mjadala. Sawa, lakini hilo ni nusu ya jibu. Steringi kumpiga adui ni kazi ya kila siku kwenye mieleka. Yapo makundi yamepigwa mara kibao na bado yakiingia ulingoni watu wanakaa vizuri kwenye mabenchi. Hawa kipigo kimoja kiliwatosha, na sababu yake ipo kwenye jinsi walivyojengwa.

Naongea kama mshika rimoti. Mwaka ule nilikuwa naendesha banda la video la mjomba wangu pale Mwanga, Kigoma mjini. TV ya chogo, deki, mabenchi ya mbao, kiingilio mia, watoto hamsini. CD za mieleka zilikuja kutoka Dar kwa treni au kwa basi, kutegemea reli imeamkaje, kwa hiyo tulikuwa nyuma ya Marekani kwa wiki kadhaa. Hakukuwa na mtu wa kukuharibia utamu kwa simu. Ulichokiona kwenye kioo ndicho kilichokuwa kimetokea.

Sasa ile Raw, shoo ya WWE ya kila wiki, ya Juni 7, 2010, kule Miami. Cena anapigana na CM Punk, shoo inaelekea mwisho, mara Wade Barrett anatokea njiani anatembea taratibu, anatabasamu. Barrett, Mwingereza mrefu, ndiye aliyekuwa ameshinda msimu wa kwanza wa NXT, shindano la WWE la wapiganaji wapya, wiki moja kabla, na zawadi yake ilikuwa mkataba. Wale saba wengine walitolewa bila kitu. Miezi mitatu waliitwa wanafunzi, wakapewa walimu, wakachezeshwa michezo ya kitoto mbele ya watu. Basi wakati Cena anamwangalia Barrett, wale saba wakaanza kutokea mmoja mmoja katikati ya watazamaji, wakazunguka ulingo pande zote.

Kilichofuata ndicho watu wanakikumbuka: hawakumpiga Cena tu. Walimpiga Punk, wakampiga Luke Gallows aliyekuwa naye, wakawageukia watangazaji, mtu wa kengele, hadi Justin Roberts, yule anayetaja majina ya wapiganaji ulingoni. Wakapasua meza. Wakalegeza kamba zikaanguka, wakafunua turubai hadi mbao za chini zikaonekana. Na shoo ikaisha hivyo hivyo, bila muziki, bila mtu wa kuja kuokoa.

Bandani palikuwa kimya. Watoto wa pale walikuwa wabishi kuliko mawakili, kila siku wanagombana kama mieleka ni kweli au maigizo, lakini siku ile hakuna aliyebisha. Hata wale wa "wanaigiza hawa" walikaa kimya, kwa sababu mtangazaji kupigwa hakukuwa kwenye hesabu zao. Maigizo yana mipaka. Mtu anayefunua sakafu ya ulingo ni kama anakwambia kwamba yeye hayumo kwenye maigizo.

Mjomba akaniambia niirudie jioni. Nikairudia, na siku iliyofuata tena, mpaka CD ikaanza kukwama.

Bahati mbaya kwetu, siku nne baada ya tukio lile Kombe la Dunia lilianza Afrika Kusini, na kipindi CD inatufikia mabanda yote ya Kigoma yalikuwa ya mpira. Mieleka ikasogezwa asubuhi. Lakini hata hilo lilimsaidia mtu mmoja: Justin Gabriel. Akili za watu zote zilikuwa Afrika Kusini, na jamaa ni mzaliwa wa Cape Town. Kila mtu akishamalizwa na kundi, Gabriel ndiye aliyepanda juu ya nguzo, akajizungusha hewani mzunguko na robo, akamwangukia kifuani. Hiyo ilikuwa ndiyo sahihi ya kundi. Watoto walimshangilia kabisa, adui au si adui, "mtu wetu huyo". Nadhani ni banda letu tu duniani lililokuwa na mashabiki wa Gabriel kuliko wa Cena kwa mwezi mzima.

Juni na Julai ilikuwa raha. Wakampiga Bret Hart, aliyekuwa meneja mkuu wa Raw, wakamtia kwenye gari refu la kifahari na kuligongesha. Wakaingilia pambano la Cena kwenye shoo kubwa ya Fatal 4-Way ya Juni 20, mkanda ukaenda kwa Sheamus. Wakampiga Ricky Steamboat, mzee wa watu. Wakampiga Vince McMahon, mwenye kampuni! Kila wiki swali lilikuwa nani anafuata.

Na hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Angalia vizuri hiyo orodha. Kila aliyepigwa alipigwa na kundi zima. Silaha ya Nexus ilikuwa moja tu: kuwa wengi. Hakuna hata mmoja wao aliyejengwa kwa kumshinda mtu mkubwa peke yake, ana kwa ana, mpaka ukasema "huyu hata akiwa peke yake ni hatari". Barrett alikuwa na mdomo na kimo. Skip Sheffield alikuwa na misuli. Otunga alikuwa mwanasheria wa Harvard, jambo ambalo ukweli halikumtisha mtu yeyote Mwanga.

Mmoja aliyekuwa na uwezo wa kweli kuliko wote walimkosa mapema. Daniel Bryan, mfupi yule, usiku wa Miami alimkaba Justin Roberts kwa tai yake. WWE wakati huo walikuwa wanalinda sana sura ya shoo ya familia, na Juni 11, siku nne baadaye, wakamfukuza. Hiyo haikuwa hadithi, alifukuzwa kazi kweli. Kwenye shoo Barrett akasema Bryan ameingiwa na majuto. Kwetu sisi tusio na intaneti ilikuwa mafumbo: "Yule wa tai yuko wapi?" Nilikuwa sina jibu. Kundi la wanane likawa la saba wiki ileile lilipozaliwa.

SummerSlam ilikuwa Agosti 15, Los Angeles, saba kwa saba, ukitolewa umetoka. Upande wa Cena kulikuwa na Edge, Jericho, Bret Hart, Morrison, R-Truth, na wa saba akatokea kwa mshangao: Daniel Bryan mwenyewe, amerudishwa. Pambano ni zuri, sikatai. Edge na Jericho wakagombana na Cena na kumpiga, The Miz akaja kumvuruga Bryan, mwisho akabaki Cena peke yake dhidi ya Barrett na Gabriel. Wakaondoa mkeka wa nje, Barrett akampigiza Cena kichwa kwenye saruji tupu.

Kwa hesabu ya mieleka, hapo imeisha. Badala yake Gabriel akaruka, Cena akakwepa, akamlaza hesabu ikafika tatu. Dakika haijapita akamkaba Barrett kwa ile STF yake, Barrett akapiga mkono chini kukubali kushindwa. Miaka ya baadaye Edge na Jericho walisema wazi kwamba walipinga mwisho ule, walitaka Nexus washinde. Walikuwa sahihi. Steringi hafi, tunajua, lakini walau alale kidogo!

Sasa nikupe ushahidi wangu. Kuna jamaa alikuwa na banda Ujiji, na yeye mzigo wake ulikuwa tofauti: fundi aliyemchomea CD alimletea shoo kubwa kwanza, zile Raw za kila wiki zikamfikia baadaye. Kwa hiyo watu wa Ujiji walimwona kwanza Cena anawapiga wawili akiwa ametoka kulambishwa saruji, ndipo baadaye wakaja kuona usiku wa Miami. Nilikwenda siku wanayoonyesha Miami. Watu walicheka. Kamba zinaanguka, watangazaji wanapigwa, na wao wanacheka: "Hawa si ndio waliopigwa na mtu mmoja?" CD ileile iliyonyamazisha Mwanga, Ujiji ilikuwa vichekesho. Kama kungekuwa na hata mmoja kati ya wale saba aliyewahi kumshinda mtu mwenyewe, wangemwogopa huyo. Lakini kila waliyemwona alikuwa sehemu ya rundo, na rundo walishaliona likianguka.

Baada ya hapo idadi yenyewe ikaanza kupukutika, na kwa kundi ambalo mtaji wake ni idadi huo ni msiba. Siku moja baada ya SummerSlam Barrett alitangaza kwamba atakayepoteza pambano usiku huo anafukuzwa. Darren Young akapoteza kwa Cena, akapigwa na wenzake. Siku chache mbele Sheffield akavunjika kifundo cha mguu kule Hawaii. Tarver naye Oktoba hakuwepo.

Oktoba walijaribu kulifufua, na nawapa sifa, wazo lilikuwa zuri. Hell in a Cell, Oktoba 3: Cena akishindwa anajiunga na Nexus, Barrett akishindwa kundi linavunjwa. Vijana wawili waliojifanya watazamaji, Husky Harris na Michael McGillicutty, wakaingilia, Cena akashindwa. Kigoma wakati CD inafika tulikuwa tumetoka tu kwenye uchaguzi mkuu, na mji mzima ulikuwa bado unazungumzia nani alihamia chama gani. Kumwona Cena amefungwa kitambaa chenye herufi N mkononi, amenuna, anatii amri, ilikuwa kama kumwona mgombea aliyehama chama anapigia makofi watu aliowatukana mwezi uliopita. Banda lilijaa tena.

Lakini tazama nani anatazamwa. Sasa hadithi ni ya Cena: atatii au hatatii, atafukuzwa au hatafukuzwa. Nexus wamekuwa pazia nyuma yake. Hata mikanda ya wawili wawili ambayo Cena na Otunga waliishinda Oktoba 24, kesho yake Barrett alimwamuru Otunga alale chini awaachie wenzao wa kundi, Slater na Gabriel. Kwa wengine huo ni ubabe wa kiongozi. Kwangu mimi pale Barrett alimaliza heshima ya kijana wake mwenyewe bila adui kugusa kitu.

Mengine yanajulikana. Survivor Series ya Novemba 21, Cena ndiye refa, anamsukuma Barrett mikononi mwa Randy Orton, anafukuzwa "kazi", halafu anaendelea kuja kila wiki kuwatandika mmoja mmoja korido. Desemba 19 kwenye TLC akamfukia Barrett kwa rundo la viti vya chuma. Mwanzoni mwa 2011 CM Punk akanyakua jina, Barrett akaenda SmackDown, shoo nyingine ya WWE ya kila wiki, na Slater na Gabriel kuanzisha kundi la The Corre, ambayo naomba tusiizungumzie.

Wapo wanaosema makundi yote huishia hivyo. Si kweli, kila kundi lina kifo chake. nWo ya 1996, ya Hogan, Hall na Nash, ilikufa kwa kinyume chake: walishinda mno, wakaongeza watu mpaka ukawa huwezi kujua nani hayumo, 1998 wakagawanyika vipande viwili. Na The Shield waliokuja Novemba 2012 walitengenezwa na watu waliokuwa wameona kosa la Nexus. Watatu tu. Pambano lao la kwanza, TLC ya Desemba mwaka huo, wakashinda, wakaendelea kushinda kwa miezi. Waliowapiga siku hiyo ni Kane, Daniel Bryan na Ryback. Huyo Ryback ndiye Skip Sheffield, amepona mguu na kubadilishwa jina. Yaani wawili kati ya wanane wa Miami ndio waliotumika kuonyesha kwamba kundi jipya ni la hatari.

Ndiyo maana siwezi kusema wale vijana hawakuwa na kitu. Bryan alikwenda kushinda mkanda mkubwa WrestleMania 30. Husky Harris, yule aliyejifanya mtazamaji, alikuja kuwa Bray Wyatt, Mungu amrehemu. Vipaji vilikuwepo, ila mwaka 2010 hakuna aliyepewa nafasi ya kutisha peke yake.

Swali la pili, aanzie wapi. Aanze na fainali ya NXT ya Juni 1, 2010, ili ajue walidhalilishwaje, halafu Miami. Aende wiki kwa wiki mpaka SummerSlam, na mtu yeyote asimwambie matokeo. Kisha Hell in a Cell, Raw ya Oktoba 25 ya Otunga kulazwa, Survivor Series na TLC. Ile New Nexus ya Punk aruke yote isipokuwa Royal Rumble ya Januari 2011, lile pambano la wengi wanaoingia mmoja mmoja kwa namba, Punk anapoanza namba moja na vijana wake wanasafisha ulingo kila anayeingia. Atasikia raha kidogo, mpaka Cena aingie.